Sura ya Sita: Haionekani kwa Nani?

Dada mmoja alinijia Jumamosi asubuhi, kabla sijamaliza kufungua mlango wa kibanda changu hapa Kikula, mjini Likasi. Laptopu alikuwa ameifunga ndani ya kitenge, akaipakata kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Betri ya mashine yake ilichoka zamani, kwa hiyo aliitumia kwa waya tu, na siku moja umeme ulikatika Windows ikiwa katikati ya kujisasisha. Tangu hapo haikuwaka tena hadi mwisho. Aliipeleka Lubumbashi, kilomita 120 kwa basi, na fundi wa huko akachomeka flashi yenye Windows ili aisakinishe upya. Walipofika kwenye ukurasa wa kuchagua diski, wakakuta orodha haina kitu. Fundi akatoa hukumu: diski imekufa, lete pesa nikuwekee nyingine.

"Papa," aliniambia, "kazi yangu yote ya kumaliza masomo imo humu ndani. Kama imekufa, uniambie leo nilie mara moja, nisilie kidogo kidogo."

Nimekaa kwenye kazi hii miaka ya kutosha kujua kwamba hukumu ile hutolewa haraka mno katika miji yetu. Diski nzima zinatolewa na kutupwa. Watu wanauza mbuzi au wanakopa kwenye likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana kwa zamu, ili wanunue diski wasiyoihitaji, na pamoja na diski iliyotupwa zinakwenda picha za marehemu, hesabu za duka, barua za kazi. Hili linaniuma, na ndiyo sababu sura hii nimeiandika ndefu kuliko nyingine.

Tatizo linaanza na neno lenyewe. Tunasema diski "haionekani". Kitenzi hiki cha kwetu ni kizuri, lakini hakimtaji mtazamaji. Mlima hauonekani: kwa sababu ya ukungu, au kwa sababu wewe umefumba macho? Fundi anayesema diski haionekani, halafu asiulize haionekani kwa nani, amekwishapotea kabla hajashika bisibisi.

Kwa maana ndani ya kompyuta kuna watazamaji wawili. Wa kwanza ni ile programu ndogo iliyo ndani ya chipu ya ubao mama, BIOS kama tulivyozoea kuiita, ingawa katika mashine za sasa ni UEFI. Huyu huamka kabla ya wote unapobonyeza kitufe cha kuwasha. Anahesabu vilivyomo: RAM kiasi hiki, kibodi ipo, diski ipo. Mtazamaji wa pili ni msakinishaji, yaani Windows au Linux iliyokuja juu ya flashi. Huyu ni mgeni. Anaingia nyumba asiyoijua, na anaweza kuona tu vitu anavyojua kuzungumza navyo.

Basi hatua ya kwanza haina gharama yoyote. Zima mashine, iwashe, ingia BIOS. Kwenye Dell ni F2, kwenye HP ni F10, ThinkPad hutaka F1, na Acer na Asus nyingi F2. Tafuta orodha ya vifaa vya kuhifadhi. Ukikuta pale jina la diski na ukubwa wake, diski iko hai kiasi cha kuitika inapoitwa, na ugonjwa uko kati yake na yule mgeni. Usipokuta kitu, ugonjwa ni wa mwili: waya, tundu, umeme, au kifo chenyewe. Ni magonjwa mawili tofauti kabisa, na dawa ya mmoja haifai kwa mwingine.

Niliifungua BIOS ya yule dada mbele yake. Mstari wa tatu kutoka juu ulionyesha diski ya NVMe ya GB 512, na namba yake ya utambulisho mbele. Nilimwonyesha kwa kidole. Hakuelewa maana yake, ila aliona uso wangu umebadilika, akavuta kiti.

Kibandiko cha Intel kilichobaki karibu na kibodi kilinipa nusu ya jibu. Mashine ilikuwa ya kizazi cha 11. Kuanzia kizazi hicho, kilichotoka mwaka 2020, Intel waliingiza katika prosesa za laptopu kitu kiitwacho VMD ambacho awali kilikuwa cha seva. VMD inakaa kati ya diski ya NVMe na mfumo endeshi kama mlinzi getini. Diski zote ziko nyuma yake, na anayetaka kuzifikia sharti kwanza aongee na mlinzi. Windows iliyokuja na mashine kutoka kiwandani ilifundishwa lugha hiyo. Flashi nyingi za Windows 10 na 11 tunazotengeneza wenyewe hazikufundishwa. Kwa hiyo msakinishaji anafika getini, hana la kusema, anarudi na kutuambia hakuna mtu nyumbani.

Lugha inayokosekana ndiyo draiva, au piloti kama tunavyosema huku Katanga kwa mazoea ya Kifaransa. Ukiusoma vizuri, ukurasa ule wenyewe unakueleza: haukuona diski, na ukitaka unaweza kupakia piloti. Maneno yapo kwenye skrini. Ila mtu aliyekwisha kuamini kwamba diski imekufa husoma nusu ya kwanza tu.

Wazee wenzangu wa kazi hii watatabasamu wakisikia habari hizi, kwa kuwa tulizipitia zamani. Windows XP ilitoka mwaka 2001, diski za SATA zikaingia sokoni 2003, na utaratibu wa AHCI wa kuzungumza nazo ukaandikwa 2004. XP ilizaliwa kabla ya hayo yote. Ukiiweka kwenye mashine mpya ya wakati ule ilikuwa haioni diski, au ilianguka kwenye skrini ya buluu yenye namba 7B. Dawa ilikuwa kubonyeza F6 katika sekunde chache za mwanzo, kisha kuipa mashine disketi yenye draiva. Disketi! Kulikuwa na miezi ambapo Likasi nzima ungetafuta disketi nzima isiyo na ukungu na usiipate, na mashine nyingine hazikuwa hata na mdomo wa kuimezea. Leo disketi imekuwa flashi na F6 imekuwa kitufe cha kubofya, lakini mkasa ni uleule: diski mpya, msakinishaji wa zamani, na binadamu katikati anayeambiwa anunue.

Dawa za VMD ziko mbili. Ya kwanza ni kumwondoa mlinzi: ndani ya BIOS unazima VMD, na kwenye mashine za vizazi vya nyuma unabadilisha hali ya SATA kutoka RST ya Intel au RAID kwenda AHCI. Kwenye Acer nyingi mstari wa VMD umefichwa kabisa. Ukiwa ndani ya BIOS unabonyeza Ctrl na S pamoja ndipo unajitokeza. Laptopu nyingine hazina mstari huo hata ukibonyeza nini. Njia hii ni ya haraka na kwa Linux mara nyingi ndiyo inayotakiwa, maana msakinishaji wa Ubuntu akikuta RST imewashwa hukuambia uizime kwanza. Lakini ina mtego. Kama Windows ya zamani bado imo kwenye diski na bado inahitajika, ukimwondoa mlinzi ile ya zamani haitawaka, kwa kuwa ilizoea kupita kwake. Ukikutwa na hilo usitapetape. Rudisha mpangilio ulivyokuwa na itaamka. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows, hakikisha mwenyewe ana ufunguo wake wa akiba kabla hujagusa chochote humo ndani.

Mimi napendelea njia ya pili, kumfundisha mgeni lugha. Kwenye kompyuta nyingine yenye intaneti unaingia ukurasa wa kiwanda cha mashine, unaandika modeli yake kamili, unachukua draiva ya Intel RST. Mara nyingi inakuja kama faili moja la kusakinisha, na hapa ndipo vijana wangu wengi wamekwama: wanalinakili faili lile kwenye flashi lilivyo, halafu msakinishaji anasema haoni kitu ndani yake. Lazima lifunguliwe kwanza. Lile liitwalo SetupRST.exe hukubali amri -extractdrivers ikifuatiwa na jina la folda, na folda hiyo inajaa vipande vyenye mwisho wa inf, sys na cat. Hivyo ndivyo unavyovitaka. Unavinakili kwenye flashi, unarudi kwenye ukurasa ule mtupu, unabofya kupakia draiva, unaelekeza kwenye folda ya VMD. Ukiona mstari unaoanza na Intel RST VMD Controller, kwa kizazi cha 11 ukifuatiwa na 9A0B, umefika.

Kabla sijarudi kwa dada yule, niseme kuhusu ugonjwa wa upande wa pili, pale BIOS yenyewe inapokaa kimya.

Hapa kwetu chanzo cha kwanza ni historia ya mashine zenyewe. Kompyuta nyingi tunazonunua ni za mtumba, zilifanya kazi miaka mitano katika ofisi za Ulaya au kwingineko. Ofisi zikiziuza, diski hutolewa ili siri zao zisisafiri. Ni haki yao. Lakini anayeichomoa diski mara nyingi huondoka pia na kile kipande kidogo kinachoiunganisha na ubao: utepe mwembamba kama karatasi, au kiunganishi cha plastiki chenye urefu wa kidole gumba. Mnunuzi wa Likasi ananunua diski mpya, anaiingiza mahali pake, inakaa vizuri, anafunga skrubu. Haionekani. Diski nzima, tundu zima, na kati yao hewa tupu. Kila mtumba unaokuja mikononi mwangu nauchungulia kwa tochi kwanza kuona kama kipande hicho kipo.

Chanzo cha pili ni diski za M.2, zile zinazofanana na ubao wa chingamu. Kwa umbo zinafanana, kwa tabia hapana. Nyingine ni SATA, nyingine ni NVMe, na kuna matundu yanayokubali aina moja tu. Tazama upande wa meno ya dhahabu: yenye pengo moja kwa kawaida ni NVMe, na zile zenye mapengo mawili nyingi ni SATA, ingawa si zote. Ukitia ya SATA katika tundu la NVMe pekee itaingia kama iliyo kwao, itakaa kimya milele, na hakuna kitakachoungua kukuonya. Kwenye kompyuta za mezani kuna jambo jingine la ajabu kidogo. Mbao mama kadhaa hugawana njia kati ya tundu la M.2 na tundu mojawapo la SATA, hivyo ukiweka diski mpya ya M.2, ile ya zamani inapotea siku hiyohiyo. Watu wameshalaumiana kwa hilo.

Halafu kuna umeme wenyewe. Sisi ni watoto wa mji wa umeme, bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilianza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya hapa, na bado tunaishi na taa zinazopungua nguvu saa moja jioni, zinazokatika na kurudi kwa kishindo. Kishindo hicho kinaichosha pawasaplai. Diski kubwa ya kompyuta ya mezani inataka volti 12 za kuzungushia mota na volti 5 za akili yake. Ile ndogo ya laptopu inaridhika na 5. Upande wa volti 12 ukidhoofika, diski kubwa haizunguki, BIOS haiioni, nayo diski yenyewe haina kosa lolote.

Namna ya kujua nilifundishwa na mzee aliyewahi kufanya kazi ya umeme viwandani, na sijapata kifaa kinachoishinda. Weka ncha za vidole viwili juu ya diski, washa mashine. Diski inayozunguka inasukuma kidogo, kama mgeuko wa mtu usingizini, kisha inatulia kwenye mtetemo laini usiokatika. Usiposikia chochote, badilisha waya wa umeme, kisha jaribu pawasaplai nyingine, kisha ndipo uanze kuishuku diski. Ikisukuma halafu ikagonga, tok, tok, tok, kwa mpigo ulio sawa, izime hapohapo. Vichwa vya kusomea vimeshindwa kupata njia, na kila sekunde unayoiacha iendelee unapunguza nafasi ya kuokoa kilichomo. Kwa SSD vidole havisaidii. Hiyo unaihamisha kwenye mashine nyingine, ikikaa kimya huko nako ndipo useme imekufa.

Waya wa data wa SATA nao ubadilishe mapema kabla ya mambo makubwa. Ni bei ya soda mbili tatu. Viunganishi vya ndani vya SATA vilibuniwa kuchomekwa na kuchomolewa mara 50 hivi, na wengine wetu tunavichomoa mara 50 kwa mwezi.

Naomba msomaji anivumilie niseme jambo lililo pembeni kidogo, kwa kuwa siwezi kushika diski ya kuzunguka mjini Likasi bila kulikumbuka. Sahani zile zinazong'aa ndani yake hazitunzi data kwenye alumini wala kioo cha sahani. Zinaitunza kwenye utando wa sumaku, mwembamba kuliko unywele kwa maelfu ya mara, na utando huo ni mchanganyiko wa metali ambao kiini chake ni kobalti, pamoja na kromiamu na platinamu. Kobalti. Ile inayosafishwa Shituru, inayopita kila siku mbele ya nyumba zetu ndani ya malori yanayotoka Kolwezi kwa barabara ya taifa namba 1, yakielekea Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa. Nchi yetu inachimba zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia nzima. Sisemi kwamba sahani hii au ile ilitoka kwenye shimo letu, hakuna awezaye kujua. Nasema tu kwamba mtoto wa Likasi hapaswi kuambiwa na yeyote kwamba diski ni kitu cha ajabu kisichomhusu. Ana haki ya kuifahamu hadi ndani, na ana haki ya kutodanganywa juu yake.

Ipo hali ya tatu inayochanganywa na hizi mbili: msakinishaji anaiona diski, anaiandika kwenye orodha, lakini anakataa kuiwekea mfumo. Mara nyingi ni ugomvi wa ramani ya diski. Mashine inawaka kwa UEFI inayotaka ramani ya GPT, na diski ina ramani ya zamani ya MBR, ambayo hata hivyo haiwezi kutawala zaidi ya TB 2. Mafundi hukimbilia Shift na F10, dirisha jeusi linafunguka, wanaandika diskpart, kisha clean. Amri ile inafuta ramani nzima bila kuuliza mara mbili. Kwenye diski mpya haina neno. Kwenye diski ya mtu mwenye miaka kumi ya kazi ni kama kuchoma sajili ya kijiji. Na hatari huzidi pale VMD inapohusika, maana ukiandika list disk bila draiva, diski pekee inayojitokeza ni flashi yako mwenyewe. Nimemwona kijana akishangilia, "Papa, imeonekana!" Ilikuwa na GB 14. Soma ukubwa kabla ya kugusa chochote.

Dada yule alikuwa bado amekaa kwenye kiti, kitenge mapajani. Folda ya draiva niliishusha kwa intaneti ya simu, ikachukua dakika kama arobaini kwa sababu mtandao wa asubuhi ile ulikuwa mzito. Nilibofya. Gurudumu likazunguka. Ukurasa uliokuwa mtupu ukajaa mistari minne, na mmoja ulikuwa mrefu kuliko wote, GB 475 na ushei, kwa maana kompyuta huhesabu GB kwa namna yake na ile 512 ya kiwandani hupungua ikifika kwenye skrini.

Mkono ulitaka kubofya mbele. Lakini kubofya pale kungekuwa mwisho wa kazi yake ya miaka mitatu. Nikabonyeza Shift na F10, na kwenye dirisha jeusi nikaandika notepad. Wengi hawajui mlango huu. Ukurasa mtupu wa kuandikia ulifunguka, nikaenda kwenye kufungua faili, nikachagua kuonyesha faili za aina zote, na ndani ya kidirisha kile kidogo diski nzima ikawa wazi, kwa kuwa haikuwa imefungwa kwa BitLocker: herufi ya diski, watumiaji, jina lake, folda zake. Pale unaweza kunakili na kubandika kama kawaida.

Nilimgeuzia skrini. Alianza kuzisoma kwa sauti, moja moja, kama mtu anayeita majina ya watoto jioni kuona kama wote wamerudi. Sura ya kwanza. Sura ya pili. Mahojiano ya Panda. Picha za mazishi ya baba. Hapo akanyamaza kidogo.

"Hiyo pia, Papa," akasema. "Anza na hiyo."

Nikaichagua, nikabandika kwenye flashi, na tukaanza kusubiri. Hakuna kati yetu aliyesema neno mpaka kunakili kulipofika mwisho, kwa hofu ya umeme.